Neva, ubongo na jani la tumbaku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye darasa letu la Jumamosi, Tabora

Nafundisha baiolojia hapa Tabora mjini. Jumamosi jioni huwa na darasa la bure chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Lilianza na vijana sita wa kidato cha sita waliokuwa wanahangaika na mada ya mfumo wa fahamu. Siku hizi wanakuja pia wazazi, wauguzi, wakulima wa tumbaku wakiwa wameshuka mjini, na mzee mmoja mrina asali kutoka Sikonge ambaye haulizi swali kabla hajabishana kwanza. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Soma unalolitaka, sikufuata mpangilio wa mtaala.

Mwalimu, "mshipa" ni kitu gani hasa? Damu inapita mshipani, fahamu nayo mshipani, halafu ngiri nayo ni mshipa?

Kosa si lako, ni la neno lenyewe. Tumelibebesha neno mshipa mizigo mingi mno. Bomba la damu linalotuna mkononi ni mshipa. Kamba ngumu ya nyuma ya kisigino, inayoshikiza msuli kwenye mfupa, watu wanaiita mshipa, ingawa jina lake ni kano. Ngiri ni mshipa. Na uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili ni mshipa wa fahamu. Mtu akija na kusema "mishipa imenikaza", anaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo vinne, na anayemsikiliza kwa haraka atatibu kisichouma.

Hapa nitasema neva. Neva si bomba. Hakuna kinachotiririka ndani yake kama maji kwenye mpira. Ukitaka kuiona, nenda buchani uombe paja zima la mbuzi ambalo halijakatwakatwa. Tenganisha misuli ya nyuma taratibu kwa vidole, si kwa kisu. Katikati utakuta kamba nyeupe inayong'aa, imelala kwenye mafuta, haina tundu. Hiyo ni neva inayotoka kiunoni kwenda mguuni, nene kuliko zote mwilini. Ikate kwa wembe mpya uitazame kwa lenzi ya mkono: ni mafungu ya nyuzi ndani ya mafungu, kama kamba ya katani. Kila uzi mmoja mwembamba ni mkia wa seli moja. Tulifanya hivyo mwezi wa sita, kisha paja lenyewe tukalipika. Mchuzi haukupungukiwa kitu.

Seli ya neva yenyewe ina umbo gani?

Ng'oa shina la tumbaku, kung'uta udongo, ulilaze chini. Juu kuna majani mengi yaliyotanuka, katikati shina moja refu, chini mizizi iliyogawanyika. Seli ya neva, yaani nyuroni, imejengwa hivyohivyo. Matawi yanayopokea habari yanaitwa dendraiti. Yanakutana kwenye mwili wa seli, palipo na kiini. Hapo unatoka mkia mmoja, akzoni, unaopeleka habari mbali, na mwishoni unagawanyika vinyuzi vinavyogusana na seli nyingine.

Mfano wa tumbaku unafeli kwenye vipimo. Mwili wa nyuroni huuoni bila hadubini, lakini akzoni ya ile inayochezesha kidole gumba cha mguu inatoka chini ya uti wa mgongo mpaka mguuni, karibu mita moja kwa mtu mrefu. Seli hiyo ingekuzwa mpaka mwili wake ulingane na embe, mkia wake ungepita kilomita moja.

Watu waliziona kwa bahati. Mwaka 1873 daktari wa Italia, Camillo Golgi, alichovya vipande vya ubongo kwenye kemikali yenye madini ya fedha. Seli chache sana, kati ya umati mzima, ziligeuka nyeusi tii na zilizobaki zikakaa bila rangi. Uchache huo ndio uliookoa jambo: zote zingeshika rangi, asingeona kitu ila doa jeusi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia ile, akaiboresha, akakaa miaka akichora alichokiona. Alisema kila nyuroni ni seli inayojitegemea, inagusana na jirani bila kuungana naye. Golgi alishikilia kwamba zote zimeungana kama wavu. Mwaka 1906 wakapewa tuzo moja ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake ya kushukuru kumpinga mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwenye kitini chetu imeandikwa ubongo una nyuroni bilioni 100. Niandike hivyo kwenye mtihani?

Kama swali linasema "takriban", hutakosa alama. Ila hesabu bora tuliyonayo ni kama bilioni 86, na namna ilivyopatikana ni nzuri kuliko namba yenyewe. Suzana Herculano-Houzel, mtafiti kutoka Brazil, aliona kuhesabu seli kwenye vipande vidogo kunapotosha, kwa sababu sehemu nyingine za ubongo zimesongamana na nyingine zimeachana. Akausaga ubongo mpaka ukawa supu. Seli zinapasuka, viini vinabaki vizima. Unaikoroga supu mpaka ilingane pote, unachukua tone, unahesabu viini vilivyomo, unazidisha. Mama yeyote anayeonja chumvi ya sufuria zima kwa kijiko kimoja baada ya kukoroga anaijua kanuni hii.

Kati ya hizo bilioni 86, karibu 69 ziko kwenye ubongo mdogo ulio kisogoni, unaoratibu mwendo. Gamba la juu, tunalojivunia kwa kufikiri, lina kama bilioni 16 tu. Tembo wa Afrika ana karibu bilioni 257, lakini karibu zote ziko kwenye ubongo mdogo. Mzee wa Sikonge alisema ni kwa ajili ya mkonga. Watafiti nao wanashuku hivyohivyo.

Umeme wa neva ni sawa na wa nyumbani?

Hapana. Kwenye waya wa shaba zinakimbia elektroni. Kwenye neva zinavuka chembe za chumvi: ioni za sodiamu na potasiamu, kupitia milango midogo iliyo kwenye ukuta wa seli.

Nyuroni iliyotulia ina chaji hasi ndani, karibu milivolti 70 chini ya nje. Ni kama sehemu moja ya ishirini ya betri ndogo ya redio. Ikichokozwa vya kutosha, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, na ndani panageuka chanya kwa kitambo cha milisekunde moja hivi. Kisha milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, na hali inarudi. Tukio hilo, yaani msukumo, linaamsha milango ya pembeni yake, nayo ya pembeni, mpaka mwisho wa akzoni. Ni kama moto wa nyika: kila jani linawashwa na jirani yake. Na hakuna nusu msukumo. Ama umetokea mzima ama haukutokea. Maumivu makali hayana msukumo mkubwa zaidi kuliko madogo. Yana misukumo mingi zaidi kwa sekunde.

Waliopima haya kwa usahihi ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliochapisha kazi yao mwaka 1952 na kupata Nobel mwaka 1963. Hawakutumia mtu. Walitumia ngisi, kwa sababu ana akzoni nene kufikia nusu milimita hadi milimita nzima, ambayo unaweza kuingiza waya ndani yake. Yetu ni nyembamba mara makumi hadi mamia.

Kwa nini nikijikwaa kidole naumia mara mbili?

Swali zuri, na jibu lake unalo mguuni. Maumivu yanapanda kwa njia mbili. Ya kwanza ina nyuzi zilizofungwa kwa mafuta yaitwayo myelini, na inakwenda mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo "aii!" ya mwanzo, kali na fupi. Ya pili haina myelini, inakwenda kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Kutoka kidole hadi kichwani ni zaidi ya mita moja na nusu, kwa hiyo ule uchungu mzito unaokufanya ukae chini unafika kama sekunde nzima baadaye. Safari nyingine ukijikwaa, hesabu. Utaupata ule mwanya wa kimya kati ya maumivu mawili.

Myelini inaharakisha kwa sababu inaacha matundu kila baada ya umbali mfupi, na msukumo unazaliwa upya kwenye matundu tu. Mtu anayetembea juu ya reli akikanyaga kila taruma atachelewa. Treni inayosimama stesheni kubwa peke yake itampita. Nyuzi zetu za kasi kabisa hufikia mita 120 kwa sekunde.

Kama seli hazijaungana, habari inavukaje?

Kwa kemikali, mara nyingi. Na kisa cha ugunduzi wake kinaanza usingizini. Otto Loewi, aliyekuwa anafundisha Graz huko Austria, aliota jaribio usiku, akaamka akaliandika, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata akaota tena. Safari hii hakuandika. Alikwenda moja kwa moja maabara.

Alichukua mioyo miwili ya chura, yote ikiendelea kupiga kwenye maji ya chumvi. Mmoja alikuwa ameuacha na neva yake, ile inayopunguza mapigo. Akaichokoza neva kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayamimina kwenye moyo wa pili usio na neva. Nao ukapunguza mwendo. Hapakuwa na waya wala uzi kati ya mioyo hiyo. Kilichohama ni maji tu. Kwa hiyo neva ilikuwa imemwaga kitu majini. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 akapata Nobel pamoja na Henry Dale. Kitu chenyewe ni asetilikolini.

Mahali nyuroni mbili zinapokaribiana panaitwa sinapsi. Msukumo ukifika mwisho wa akzoni, vifuko vya kemikali vinapasukia kwenye mwanya, kemikali inavuka na kuingia kwenye vipokezi vya upande wa pili, kama ufunguo kwenye kitasa.

Sasa sikiliza vitasa vya asetilikolini vilivyopata majina yao. Viko vya aina mbili. Vya moyoni, alivyovigusa Loewi bila kuvijua, vinaitwa kwa jina la sumu ya uyoga, muskarini. Vya kwenye misuli unayoiamrisha mwenyewe, na vingi vya ubongoni, vinaitwa kwa jina la nikotini. Uyoga na tumbaku! Ukisoma hayo Ulaya ni majina ya vitabuni. Hapa Tabora kimoja kinaokotwa porini mvua zikianza na kingine kimejaa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku.

Shikamoo mwalimu. Nikichuma tumbaku alfajiri nasikia kizunguzungu na kutapika, na nyumbani wanasema ni uvivu. Je, ni uvivu?

Marahaba. Si uvivu, ni sumu, na ina jina: ugonjwa wa tumbaku mbichi. Naujua mwilini mwangu. Likizo moja nikiwa darasa la sita nilipelekwa kwa mjomba, Urambo, kusaidia kuchuma majani ya chini. Umande ulikuwa mzito, nilikuwa nayakumbatia majani kifuani, shati likalowa mpaka likanata. Ilipofika saa nne asubuhi ardhi ilikuwa inazunguka, mate yananijaa, nikaenda kutapikia nyuma ya bani. Mjomba akacheka, akasema "mtoto wa mjini huyo". Sikuwa nimevuta hata sigara moja maishani, na nilikuwa nimelewa nikotini.

Nikotini inayeyuka kwenye maji. Umande, mvua au jasho vinaitoa kwenye jani, na ngozi iliyolowa inainyonya. Ikishaingia kwenye damu inafika kwenye vile vitasa vya asetilikolini na kuvifungua bila ruhusa. Ufunguo bandia unaoingia vizuri. Vitasa vya tumboni, vya moyoni kupitia vifundo vya neva, vya ubongoni vinavyosimamia kutapika, vyote vinafunguliwa kwa wakati mmoja. Mmea haukuitengeneza kwa ajili yetu. Unaitengeneza mizizini na kuipandisha majanini ili kuua wadudu wanaoutafuna.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuutumia ufunguo huo kama chombo cha utafiti ni John Langley wa Cambridge. Alikuwa anapaka nikotini kwa brashi juu ya vifundo vya neva vya wanyama ili aone ni kipi kinazimika. Mwaka 1905, kutokana na nikotini hiyohiyo, akasema lazima kwenye seli kuna "kitu kinachopokea". Wazo zima la vipokezi, ambalo dawa nyingi za hospitali zimesimama juu yake, limepitia kwenye jani la tumbaku.

Ya kufanya: subiri umande ukauke kama ratiba inaruhusu. Vaa mikono mirefu, glavu, na kitu kisichopitisha maji kifuani, hata mfuko wa nailoni uliotobolewa. Nguo ikilowa, badili usisubiri ikaukie mwilini. Oga kwa sabuni ukitoka shambani. Watoto na wajawazito wasichume majani mabichi kabisa. Ukitapika bila kukoma, ukakosa nguvu au moyo ukaenda mbio, nenda kituo cha afya na useme waziwazi kwamba ulikuwa unachuma tumbaku, maana asiyeambiwa anaweza kutibu malaria. Anayevuta sigara huumwa kidogo kuliko asiyevuta, kwa kuwa ubongo wake umeshazoea. Hiyo si sababu ya kuanza kuvuta. Moshi hufikisha nikotini ubongoni kwa sekunde chache tu, ikaamsha njia za dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, zinazosema "rudia tena", na kuacha kunakuwa kazi.

Dawa za kuua wadudu zinaua nyuki wangu. Zinahusiana vipi na haya?

(Hili ni la mzee wa Sikonge.) Zinahusiana moja kwa moja, mzee wangu. Asetilikolini ikishafanya kazi lazima iondolewe, la sivyo kitasa kinabaki wazi. Kuna kimeng'enya kinachoikatakata pale pale. Dawa nyingi za shambani za kundi la oganofosfeti zinakizuia kimeng'enya hicho. Mdudu anakakamaa na kufa. Mtu aliyezivuta au kumwagikiwa hutokwa mate na machozi, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza, pumzi inabana. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi, akimbizwe hospitali na chupa ya dawa yenye lebo. Huko hupewa atropini, ambayo inaziba vile vitasa vya uyoga.

Kundi la pili linaitwa neonikotinoidi, na jina linajieleza: nikotini mpya. Zinashika vitasa vya wadudu kwa nguvu kuliko vyetu. Nyuki anayepata kiasi kisichomuua anaweza kupotea njia ya kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku tatu kati ya hizo kutumika nje ya vitalu nyumba mwaka 2018. Kwa mwenye mizinga ushauri wa kwanza ni kuongea na jirani wa shamba: asipulizie wakati maua yamefunguka, na akipulizia iwe jioni nyuki wamerudi.

Nyuki ana ubongo kweli?

Anao, mdogo kuliko punje ya mtama, wenye nyuroni karibu milioni moja. Kwa mtaji huo anakumbuka ua, rangi, harufu na saa. Karl von Frisch, aliyepata Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki akirudi na habari njema anacheza juu ya sega gizani: pembe ya mchezo ukilinganisha na wima inaeleza pembe ya safari ukilinganisha na jua, na urefu wa mtikisiko unaeleza umbali. Maabara humfundisha nyuki kwa tone la sukari: mnusishe harufu, mpe sukari, na baada ya mara chache anatoa ulimi kwa harufu peke yake. Ndiyo maana nyuki ni kipenzi cha wanaosoma kumbukumbu.

Watafiti wanajuaje kazi ya kila sehemu ya ubongo bila kumpasua mtu?

Kwanza walijifunza kwa walioumia. Mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alimpasua marehemu aliyeishi miaka mingi akiweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa anachoambiwa. Akakuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua. Kumbukumbu mpya zikakoma. Mtafiti Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila siku alilazimika kujitambulisha upya. Lakini Milner alipompa zoezi la kuchora nyota huku akitazama kiooni, mkono wake uliendelea kuwa hodari siku hadi siku, ingawa mwenyewe aliapa hajawahi kulifanya. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kumbukumbu si ghala moja.

Pili, kusikiliza umeme kutoka nje ya fuvu, kipimo cha EEG. Mjerumani Hans Berger alichapisha cha kwanza cha binadamu mwaka 1929. Kinajua lini, hakijui vizuri wapi.

Tatu, picha za MRI zinazofuatilia damu. Seiji Ogawa mwaka 1990 alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinaonekana tofauti kwenye sumaku. Hii inajua wapi, ila inachelewa sekunde kadhaa. Na hapa nawaonya wanafunzi wangu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki mfu, salmoni mzima wa dukani, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" watu hao wanajisikiaje. Hesabu zikaonyesha sehemu ya ubongo wa samaki "inafanya kazi". Si muujiza. Picha moja ina maelfu ya vinukta. Ukipima kila kimoja kwa kipimo kinachokosea mara moja kati ya 20, kwenye vinukta 1,000 utapata 50 vya uongo hata kwa maiti. Walipofanya marekebisho yanayotakiwa, samaki akarudi kuwa samaki mfu. Ukisoma habari kwamba "wanasayansi wamegundua sehemu ya upendo kwenye ubongo", mkumbuke yule salmoni, kisha uliza: walipima watu wangapi, na waliwalinganisha na nani?

Nne, wanyama, na hapo jirani zetu wa mwisho wa reli, Kigoma, wana mchango. Kuna samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, *Astatotilapia burtoni*, aliyesomwa sana na Russell Fernald wa Stanford. Dume mnyonge akipata eneo lake anabadilika rangi ndani ya dakika, na kwa siku zinazofuata nyuroni zake zinazotoa homoni ya uzazi zinanenepa. Akinyang'anywa eneo, zinasinyaa. Cheo kinaujenga ubongo, kwa samaki angalau.

Ni kweli tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo?

Si kweli. Ubongo ni asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Mwili haulishi wafanyakazi tisa waliolala.

Mguu kufa ganzi kunatokana na nini?

Umeukalia, neva imebanwa na damu yake imepungua. Ukinyanyuka inaanza kufyatua ovyo, ndiyo yale mambo ya sisimizi. Hiyo haina neno. Ganzi isiyoondoka, hasa ikiwa na baka la ngozi lisilohisi, ipelekwe hospitali: bakteria wa ukoma hushambulia neva, na matibabu yake ni bure. Ganzi ya kisukari nayo huanza na nyayo.

Kifafa kinaambukiza? Tuliambiwa tusimguse mtu akitoka povu.

Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, halimwambukizi mtu. Kifafa ni nyuroni nyingi kufyatua kwa pamoja bila mpangilio, na kinachosababisha kinaweza kuwa jeraha la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali ya utotoni, au minyoo. Kuhusu minyoo kuna jambo watu hawalijui. Kula kitimoto ambacho hakikuiva kunakupa tegu tumboni. Lakini mayai ya tegu huyo yanatoka na kinyesi, na anayeyameza kwa maji au mboga chafu ndiye anayepata mabuu ubongoni. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa hicho kwa kukosa choo kwa jirani.

Akidondoka: mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali. Dawa zipo na zinafanya kazi zikimezwa kila siku. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alilionyesha hilo Mahenge tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwatibu watu waliokuwa wametengwa mpaka kwenye vibanda vyao wenyewe.

Kuku aliyechinjwa anakimbiaje bila kichwa?

Mpango wa kukimbia hauko wote kichwani. Uti wa mgongo una mizunguko yake ya nyuroni inayoweza kupeleka miguu kwa zamu. Kichwa kikiondoka, kinachozuia nacho kimeondoka.

Tunaweza kufanya jaribio bila maabara?

Rula moja ya sentimita 30 inatosha. Mwenzio aishike juu, wewe uweke vidole kwenye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia. Idake, soma sentimita. Ukidaka kwenye 15 umetumia sekunde 0.17, kwenye 20, sekunde 0.20, kwenye 25, sekunde 0.23. Ndani ya muda huo nuru imeingia jichoni, habari imepita ubongoni, imeshuka uti wa mgongo, na asetilikolini imefungua vitasa vya msuli wa kidole gumba.

Rudia mara kumi, chukua wastani. Mara moja ni bahati. Halafu badilisha kitu kimoja tu: mkono wa kushoto, au macho yamefungwa na mwenzio aseme "sasa". Wengi hushangaa kwamba sikio linashinda jicho. Mwezi uliopita kijana wangu bora wa fizikia alipata wastani wa sentimita 19. Mama anayekaanga maandazi pale kona, aliyepita kudai deni lake, akaombwa ajaribu. Akapata 13, mara kumi zote bila kuzidi 15, akachukua hela yake akaondoka.